Tundu Dogo, Jeraha Refu: Kuwahudumia Waliochomwa na Viumbe wa Majini, Tabora hadi Ujiji



Tabora haina bahari, lakini magharibi yake yote ni maji yenye meno na miiba: mito ya Ugalla na Malagarasi, Ziwa Sagara, na mwisho wa njia ya misafara, huko Ujiji, Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alitoka hapa kumtafuta mmisionari Livingstone. Kwenye kivuko cha Malagarasi mamba alimkamata punda wake kooni; watu walivuta kamba kwa nguvu, punda akazama. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikawapumzisha wapagazi. Mvuvi hakupumzika. Bado anaingia mto uleule kwa mtumbwi.

Hoja yangu ni moja: mara nyingi hatima ya mvuvi aliyejeruhiwa majini huamuliwa kabla hajafika Hospitali ya Kitete hapa Tabora.

Jeraha la kupenya hudanganya macho. Kambale ana mwiba mgumu katika kila pezi la ubavuni. Samaki mwingine, gogogo, anao pia mgongoni, wenye meno kama msumeno. Mwiba huo huweza kukatikia ndani, ngozi ikafunga juu yake na usaha ukajikusanya chini. Mamba naye huzamisha meno, kisha hujiviringisha. Tundu la nje huwa dogo kuliko nyama iliyochanika ndani, na bakteria wa kinywani na majini wameshasukumwa hadi kwenye mfupa. Jino la kiboko hufika kifuani au tumboni.

Kwa hiyo, kwanza zuia damu kwa kukandamiza kitambaa safi. Pili, mwiba uliozama shingoni, kifuani au tumboni usichomolewe. Huenda ndio unaoziba mshipa uliotoboka. Uachwe, utulizwe kwa vitambaa, utolewe na daktari wa upasuaji. Mwiba wa kifuani huweza kuua: mwaka 2006 mtangazaji wa Australia Steve Irwin alikufa baada ya mwiba wa samaki aitwaye taa kumpenya kifuani.

Tatu, maumivu ya sumu ya taa wa pwani, na ya kambale pia, hupunguzwa kwa maji ya moto yasiyounguza, ya nyuzi joto 45 hivi, kiungo kikilowekwa kwa dakika 30 hadi 90. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono usio na jeraha, kwa sababu kiungo chenye maumivu makali huenda kisihisi kuungua.

Nne, kituoni, jeraha lioshwe kwa maji mengi safi, nyama iliyokufa iondolewe, vipande vya mwiba vitafutwe kwa eksirei au ultrasaundi. Kisha kidonda cha mamba kiachwe wazi siku kadhaa. Kukishona mapema ni kuwafungia bakteria ndani. Chanjo ya pepopunda na antibiotiki zisisubiri dalili.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtambo wa mamilioni, isipokuwa picha na upasuaji. Maji safi, kipimajoto, chanjo, dawa na mganga aliyefundishwa vinaweza kuwepo katika kila zahanati iliyo kando ya Ugalla na Malagarasi. Ninauomba uongozi wa chuo chetu uyaweke masomo haya katika mitaala ya matabibu na wauguzi, na uwapeleke wanafunzi kwenye kambi za wavuvi kuyafundisha. Anayetulisha samaki anastahili kutibiwa vizuri karibu na anakofanyia kazi.