Mchuuzi Mwungwana na Watazamaji Wake

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Singida)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo ya kuigiza vijijini, nami nimeona ni afadhali nizungumzie mchezo mmoja ninaoufahamu kuliko kutaja mingi ambayo sikuiona. Mchezo wenyewe hautoki kwetu. Uliandikwa na Mfaransa aitwaye Molière, ukachezwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1670 mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne, mwandishi mwenyewe akiwa mchezaji mkuu. Kwa Kiswahili unaitwa Mchuuzi Mwungwana.

Kisa chake ni cha nyumba moja. Bwana Jourdain ni mtoto wa mfanyabiashara wa nguo. Fedha anazo, lakini hazimtoshi. Anataka kuhesabiwa miongoni mwa mabwana wakubwa. Basi anaajiri mwalimu wa muziki, wa dansi, wa upanga, na wa falsafa. Mshonaji anamletea vazi ambalo maua yake yameelekea chini, naye anasadiki kuwa ndivyo wavaavyo wakubwa. Bwana mmoja mwenye cheo anamkopa kila siku wala halipi. Mke wake, mwanamke mwenye akili timamu, anapiga kelele. Mtumishi wao wa kike anashindwa kujizuia kucheka. Na binti yao, aliyekwisha kupata mchumba ampendaye, ananyimwa ruhusa ya kuolewa kwa sababu kijana huyo si wa ukoo wa kibwana.

Yafaa nitaje hapa jambo moja kuhusu jina. Neno uungwana lina historia katika nchi hii kuliko neno la Kifaransa lililotafsiriwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo na kuikata Mgunda Mkali, upande wa Manyoni ya leo, na watu wa pwani waliokuwamo walijiita waungwana. Kwa hiyo mzee wa Singida akisikia kwamba mchuuzi fulani anatafuta uungwana, hahitaji kuelezwa. Amekwisha kumwona mtu wa namna hiyo, au baba yake alimwona.

Katikati ya miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana katika Wilaya ya Iramba, tuliucheza mchezo huu na wanafunzi wetu, jioni, chini ya mwembe. Tuliufupisha mno. Muziki wa Lully hatukuwa nao, tukaweka ngoma. Vazi la Jourdain lilikuwa khanga mbili zilizoshonwa kichwa chini, na hapo watu walicheka kabla hajatamka neno.

Kisha likaja onyesho la mwalimu wa falsafa. Mtakumbuka kuwa Jourdain hataki mantiki wala maadili. Anaomba afundishwe kuandika. Mwalimu anaanza na sauti tano, na kumweleza jinsi kinywa kinavyofumbuliwa kwa A, na taya zinavyokaribiana kwa E. Sauti zenyewe ni zetu: a, e, i, o, u. Kijana aliyemwigiza Jourdain akafumbua kinywa mpaka tukaona koo. Watoto wakaanguka kwa kicheko.

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. Akauliza, "Mnamcheka nini? Na mimi nilifumbua kinywa hivyo hivyo, chini ya mti huu huu."

Kimya kikaingia. Hapana budi mkumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika. Nusu ya watu wazima waliokaa pale walikuwa wamejifunza herufi mbele ya watoto wao. Nasi walimu, kwa upumbavu wetu, tulikuwa tumewaletea mchezo unaomcheka mtu mzima anayejifunza herufi. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni yule kijana. Bila kutoka katika nafasi yake alimgeukia mzee akasema, "Ahsante sana baba. Keti tujifunze pamoja, ada nimekwisha lipa." Mzee akacheka, akaketi, na mchezo ukaendelea mpaka mwisho, mchumba akajifanya mwana wa Sultani wa Uturuki na Jourdain akatawazwa cheo cha uongo kwa kilemba cha shuka.

Kesho yake mzee alinifuata shuleni. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua jambo moja: yule tajiri alijifunza herufi ili asome nini? Yeye mwenyewe, alisema, alijifunza ili asome karatasi ya mizani ya pamba yake bila kumwomba mtu. Nikamwambia Jourdain alitaka kumwandikia barua bibi mmoja wa kibwana asiye mke wake. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Hilo mlilipitisha upesi mno. Hilo ndilo la kucheka."

Tangu siku hiyo nimeusoma mchezo huu kwa macho mengine. Molière hamcheki mtu kwa kuwa hajui. Anamcheka atakaye elimu iwe pambo la kuvaa, na hawaachi kando wale wanaomvalisha. Walimu wanne wa Jourdain wanabishana ni somo la nani lililo bora, mpaka wanapigana ngumi; na mwalimu wa falsafa, aliyekuja kuwatuliza kwa hekima, ndiye anayepigana kwa ukali zaidi. Wote wanakula fedha za mtu mmoja. Ndugu walimu, sisi tulicheka pia jioni ile, nadhani kwa sababu hatukujitambua.

Wapo wasemao kuwa michezo ya jamii lazima itokane na kijiji chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ndugu Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo huko Malya, Mkoani Mwanza: waliwauliza wanakijiji matatizo yao, wakatunga na kucheza pamoja nao, kisha majadiliano yakafuata. Kazi hiyo naiheshimu sana. Nisiyoiheshimu ni ile iliyozuka baadaye, ambamo mchezaji husimama na kuhutubia juu ya choo au chandarua kwa robo saa, na mtazamaji hupewa ruhusa ya kupiga makofi tu. Katika mchezo wa Molière yule mzee alipata nafasi ya kubisha.

Kuna pia habari ya binti. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilidai ridhaa ya wanaooana, lakini ikaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba umri huo unapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nimesikia mikutano ambayo baba aliyelengwa na hotuba juu ya jambo hili hutazama chini tangu mwanzo hadi mwisho. Mbele ya Jourdain hatazami chini. Anamcheka mzazi mwenzake anayemwuza binti kwa cheo, na mkewe aliyeketi upande wa pili anamtazama akicheka.

Ndugu Mwenyekiti, mchezo huu hautaki fedha nyingi. Unataka khanga mbili, shuka la kilemba, ngoma, na mwanamke hodari wa kumwigiza Bibi Jourdain, kwani nyumba yote inamwegemea yeye. Kwa walimu wanne wa Jourdain, napendekeza msiwape wanafunzi. Chezeni wenyewe.