Maji ya Kila Siku

Somo: Luka 13:6–9



Nilipohamishwa kutoka Bungoma kwenda Kitale, mama mmoja mzee wa ushirika wetu alinipa mche wa mnanaa, ambao wengi wetu huuita minti. Tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Alikuwa ameupanda katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Akaniambia, "Mchungaji, ukinywa chai yako huko, utukumbuke." Nikaupakata mkebe ule ndani ya basi, kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, mpaka Kitale.

Tuliuweka sebuleni juu ya kabati, mahali pa heshima. Kwa kuogopa kulowesha kabati, tuliusimamisha ndani ya bakuli. Kila asubuhi niliutilia kikombe cha maji, kama nilivyomwona Kukhu akifanya. Baada ya majuma machache majani ya chini yakawa manjano. Mashina yakawa marefu na membamba, yakainamia dirisha. Nilipoona unanyauka, nikaongeza maji. Ukazidi kunyauka.

Wakati huohuo kijana wetu alikuwa amerudi nyumbani baada ya kupoteza kazi mjini. Alishinda chumbani, akijibu kwa neno moja tu. Nami nilimpa mashauri asubuhi, nikampa wakati wa chakula, na usiku nikamwombea kwa sauti mbele yake, huku maombi yenyewe yakiwa ni kumsema. Alipozidi kunyamaza, nikaongeza mashauri.

Mwezi wa saba Kukhu alikuja kututembelea. Kabla hata ya kunywa chai, aliuinua ule mkebe, akasema, "Mzito." Akaupindua, akaupiga chini kwa kiganja, na udongo wote ukatoka kama ugali kutoka sufuriani. Mizizi ilikuwa imejaa na kuzunguka mkebe. Ile ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu mbaya.

Akaniambia, "Mwanangu, hukuunyima maji. Umeuzamisha. Kwetu Bungoma kuna joto, mkebe hukauka upesi. Hapa kuna baridi, tena umeufungia ndani, na maji yametuama kwenye bakuli. Mzizi nao hupumua."

Alikata mizizi yote iliyooza, akabakiza ile myeupe na migumu. Kisha akakata mashina yote mpaka yakabaki urefu wa vidole viwili. Mimi niliona uchungu, lakini yeye hakusita. Ncha chache zilizokuwa nzima alizitoa majani ya chini, akazitia katika gilasi ya maji dirishani, ili zitoe mizizi. Akamwita kijana wetu, "Mjukuu wangu, niletee samadi iliyooza vizuri." Naye, ambaye mimi nilishindwa kumtoa chumbani, akatoka na karai. Wawili hao waliugawa mche sehemu mbili, wakaupanda katika udongo mpya wenye samadi kidogo, wakauweka barazani panapofikiwa na jua la asubuhi.

Kukhu akanionya: "Kabla ya kutia maji, ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza. Ukikuta unyevu, uache. Usiongeze mbolea mpaka uone majani mapya."

Wapendwa, hilo la kuuacha lilinishinda kuliko yote. Kila asubuhi nilisimama na kikombe mkononi mbele ya udongo uliokuwa kama mtupu. Naingiza kidole, nakuta unyevu, narudi ndani na maji yangu.

Jioni moja nilipofungua kinywa kumshauri kijana wangu, nilikikumbuka kile kidole. Nikamwuliza neno moja tu: "Mwanangu, huko mjini ilikuwaje?" Kisha nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akatueleza kwamba kwa miezi mingi aliona aibu kurudi, kwa sababu watu wangesema mtoto wa mchungaji ameshindwa. Sikuwahi kulijua hilo. Sikuwahi kuuliza. Mashauri niliyomtilia kila siku yalimfaa alipokuwa mtoto mdogo. Sasa alikuwa mtu mzima aliyejeruhiwa, nami nilikuwa nikimzamisha.

Mnanaa umetajwa na Bwana katika Mathayo 23:23, alipowakemea waliotoa zaka yake kwa uangalifu huku wakiiacha rehema. Nilikuwa nimehubiri juu ya andiko hilo mara nyingi, bila kujua kwamba nasemwa mimi.

Na katika somo letu la leo, mwenye shamba alikuwa amechoka na mtini wake. Lakini mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuutilia samadi. Tazama, hakuukaripia mti kwa kukosa matunda. Alikwenda kwenye udongo, akaomba na muda. Na Bwana Yesu hakutuambia kama mtini ule ulizaa baadaye.

Mnanaa wetu ulichipuka, na kabla ya mwaka kwisha tuliwagawia majirani. Kijana wetu hakubadilika kwa siku moja. Jumapili moja alikuja kanisani, nyingine hakuja. Lakini alianza kukaa nasi wakati wa chai.

Msikilizaji, je, nyumbani mwako yuko anayenyauka? Huenda ni mke, mume, mtoto, au mkwe. Kabla hujamwongezea maneno, ingiza kidole kwanza. Uliza, kisha usikilize.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe pale ambapo tumewaumiza tuwapendao kwa jina la kuwatunza. Utufundishe kuuliza, kunyamaza na kungoja. Kwa jina la Yesu. Amina.