Udongo Nao Hutoa Ushahidi wa Vita

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti Ndogo ya Matete



Upande wa Webuye, ng'ambo ya Mto Nzoia, viko vilima vya Chetambe. Mwaka wa 1895 ngome iliyokuwa huko, yenye ukuta wa udongo na handaki, ilishambuliwa na kikosi kilichoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, baada ya mapigano mengine ya Lumboka. Wabukusu na Watachoni wangali wanausimulia mkasa huo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Hobley alikuja Afrika Mashariki akiwa mwanajiolojia, yaani mtaalamu wa mawe na udongo. Leo taaluma hiyohiyo inaweza kuwasaidia wajukuu wa walioshambuliwa kujua yaliyotokea.

Mfano mzuri uko Ufaransa. Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Marekani yalishuka katika ufuo wa Omaha, Normandy, kupigana na Wajerumani. Mwaka wa 1988 wanajiolojia wawili Wamarekani, Earle McBride na Dane Picard, walichota mchanga kidogo hapo. Baadaye waliutazama kwa hadubini. Miongoni mwa chembe za mawe na makombe waliona vipande vidogo vya chuma vyenye pembe kali, pamoja na vitone vya chuma na vya kioo, mviringo kama punje za mtama. Pembe zile zilionyesha kwamba ni mabaki ya makombora yaliyopasuka, na vitone vilitokana na joto kali la milipuko. Katika mchanga waliouchukua, chembe za chuma zilifikia asilimia 4. Mtu angetembea juu yake siku nzima asitambue lolote.

Hapa Kenya, bahari ya Mombasa ina kisa chake. Waomani walipoizingira Fort Jesus, kuanzia mwaka wa 1696 hadi 1698, Wareno walileta meli ya kivita, Santo António de Tanná, kuwaokoa wenzao. Meli hiyo ilizama karibu na ngome mwaka wa 1697. Wataalamu walipoichimbua kati ya 1977 na 1980, walikuta mbao zilizofunikwa na matope zingalipo, ilhali zilizobaki wazi majini zilikuwa zimeliwa na wadudu wa baharini. Matope yaliuziba mlango wa hewa, nayo meli ikadumu karibu miaka 300. Vitu vingi vilivyoopolewa vimehifadhiwa Fort Jesus.

Matete haina bahari, lakini kanuni ni moja. Chuma kikipata hewa na unyevu huliwa na kutu. Shaba, ambayo hutumika katika maganda ya risasi, hugeuka kijani lakini hudumu zaidi. Mvua nayo huporomosha udongo wa vilimani hadi mabondeni na mitoni, na mashapo yakajipanga tabaka juu ya tabaka. Kwa kawaida, la chini ndilo la zamani. Ndiyo maana mtaalamu akikuta ganda la risasi, huanza kuuliza lilikuwa kina gani, katika udongo wa rangi gani, na kando yake kulikuwa na nini. Majibu humwonyesha kama liliangukia hapo au lilisombwa na maji kutoka kwingine.

Likishang'olewa na kutiwa mfukoni, maswali hayo hayajibiki tena. Likiuzwa kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, hupimwa kwa kilo na kuyeyushwa. Kinachopotea hapo ni ushahidi wa watu ambao wengi wao hawakuacha maandishi, na ambao habari zao ziliandikwa na waliowashinda.

Kwa hivyo, anayechimba mchanga, kufyatua matofali, kuchimba msingi au kulima, akikuta chuma cha kale kinachofanana na silaha, afanye hivi:

Kwanza, asikigonge, asikikwaruze wala kukitia motoni. Risasi au kombora la zamani linaweza kulipuka. Watoto waondolewe mahali hapo.

Pili, akiache pale pale, aweke alama kwa mbali, na ikiwezekana apige picha bila kukisogelea.

Tatu, amjulishe chifu au kituo cha polisi mara moja. Kikishathibitishwa kuwa salama, habari zifikishwe kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo yana tawi Kitale.

Walimu nao wanaombwa kuwafundisha wanafunzi tofauti ya kuokota na kuripoti. Wazee wanaojua mahali palipopiganiwa wawaonyeshe vijana, kwa kuwa simulizi ya mzee ndiyo humwelekeza mtaalamu pa kuanzia kuchimba, na tabaka la udongo ndilo humthibitishia mzee maneno yake.