Neno "Tuisheni" na Asili Yake



Mmenitaka niseme juu ya neno moja, nami nimechagua "tuisheni," kwa kuwa wengi wetu hulilipia kila mwezi.

Twadhani maana yake ni masomo ya ziada, au fedha zitolewazo kwa masomo hayo. Asili yake siyo hiyo. Limetujia kwa Waingereza, nalo latoka katika Kilatini, ambamo tueri maana yake ni kutazama na kulinda. Tutor wa Warumi hakuwa mwalimu. Alikuwa mlinzi wa mtoto aliyefiwa na baba, na sheria zao za Mbao 12, za yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, zilikwisha kumtaja. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza mali ya yatima, na ulinzi ulipokoma alidaiwa hesabu. Akionekana ameiba, alilipa mara mbili. (Sisi makarani twaijua hofu ya siku ya ukaguzi.) Kwa Waingereza nao, katika karne ya 15 neno lilikuwa la ulinzi, karne ya 16 likashika maana ya mafunzo, na baadaye likawa ada.

Neno letu kulea limepita njia iliyo karibu na hiyo. Waganda husema okulera, Wakikuyu kurera, na katika Kinyarwanda shina hilo hilo limezaa uburezi, yaani elimu. Wizara ya Elimu ya Rwanda huitwa kwa jina hilo. Ila halikugeuka kuwa fedha.

Nayasema haya kwa kuwa nina deni. Mwenzetu mmoja, alipohamishwa wilaya nyingine, aliniachia mwanawe akae kwangu amalize shule. Nililipa tuisheni kila mwezi, na stakabadhi zote ninazo. Baba alipokuja likizo akaniuliza mtoto hulala saa ngapi, na rafiki zake ni nani. Sikuwa na jibu, nikamwonyesha stakabadhi. Akazitazama moja moja, akanirudishia, akasema, "Ahsante, bwana." Asubuhi yake akaondoka na mtoto.

Wanachama wanaokaa na watoto wa wenzao ni wengi. Naomba, Bwana Rais, majina ya watoto hao yaandikwe katika daftari la Chama, na kila robo ya mwaka mlezi aeleze mbele ya wenziwe hali ya mtoto. Nikipewa idhini, daftari hilo nitaliandika mimi.