Tuipime Sinema, Tusipime Jina

Chamani karani hupima kahawa, hapimi jina la mkulima. Na tuipime hivyo sinema ya mwaka 1962 iitwayo Hatari! Howard Hawks, bingwa wa sinema wa Marekani, aliipigia Tanganyika, upande wa Arusha, naye amekwisha kupita umri wa miaka 60. Uzuri wake ni huu: John Wayne na wenzake wanafukuza vifaru wa kweli. Kasoro zake: yapita saa mbili na nusu, na hadithi ni haba. Tena jina ni la Kiswahili, lakini wenye Kiswahili husema machache sana. Basi mkiiona, sifuni, na kasoro mzitaje bila kuogopa jina kubwa. Kwaherini.