Kizunguzungu Ukisimama: Tupime Hivi



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani twaliona hili huku kwetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Imamu ainuka kutoka sijida, na safu ya nyuma mtu aona giza, masikio yavuma, mara chini. Akiwa mzee tutasema ni uzee huo. Msichana ndiye huonewa zaidi: ana jini, au mvivu wa ibada. Kisomo ni kheri, hakuna akikatazaye. Lakini je, presha yake mmeipima?

Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi hushuka tumboni na miguuni, na mwili hukaza mishipa haraka ili ubongo usikose. Sasa mtu ameshinda na swaumu juani, amesimama kungoja feri, maji mwilini ni machache. Akifuturu, damu nyingine yaenda kusaga chakula. Kisha asimama kimya tarawehe. Kama anameza vidonge vya presha, hatari huzidi.

Wengi wetu hupimwa presha mara moja tu, tumeketi, na hapo jambo hili laweza kujificha. Mwombe daktari au nesi akupime hivi: ulale chali dakika 5, apime presha na mapigo ya moyo. Usimame, apime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, ama ya chini 10, basi presha yako huanguka ukisimama.

Kuna vijana ambao presha haishuki, moyo ndio hukimbia. Hao waendelee kusimama hadi dakika 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), na dalili zimedumu miezi 3, huenda ikawa ni hali iitwayo POTS. Lakini kiu peke yake hupandisha mapigo, kwa hivyo kipimo cha alasiri ukiwa umefunga kisikutie hofu, kirudiwe siku ambayo hukufunga. Na damu ichunguzwe pia, maana upungufu wa damu hufanana sana na haya, hasa kwa dada zetu.

Mwenye mashine nyumbani asipime peke yake, asije akaanguka. Aliyezirai mlazeni, miguu juu, msimsimamishe. Akizirai akikimbia, au kifua kikimuuma, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge navyo usiviache wala kubadilisha saa zake kabla ya kumuuliza daktari.

Na swala? Imran bin Huswein r.a. alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume s.a.w., naye akamruhusu kuswali ameketi asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kuketi. Katika sunna kama tarawehe mlango ni mpana zaidi. Basi kijana akiketi kitini msikitini tusimkodolee macho. Na mgonjwa anayehofia kudhurika na swaumu, afungue, atalipa baadaye.

Wazee wetu tuwapeleke wakapimwe wamelala na wamesimama kabla ya kumi la mwisho kuingia, maana visimamo vya usiku ni virefu.

Wabillahi taufiq.