Bega Ndilo Libebalo



Juma hili tuzungumzie mkono wa roboti, ule ambao kijana anaweza kuuunda mwenyewe nyumbani kwa mbao nyepesi, skrubu na mota ndogo. Mimi ninaunda mmoja, na vijana wanaokuja kuutazama huniuliza swali moja: tununue mota gani?

Nawajibu: kabla ya kwenda dukani, shikeni kalamu. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unaimudu. Ukiishika kwa mkono ulionyooshwa, bega linalia. Mota nayo ni hivyo hivyo. Mzigo wa gramu 200 ulio sentimita 30 kutoka begani unadai nguvu ya kilo-sentimita 6. Mkono wenyewe, pamoja na mota zake za mbele, ukiwa na gramu 300 na uzito wake katikati, unaongeza 4.5. Jumla 10.5.

Lakini namba iliyotangazwa ya mota ndogo za namna hii kwa kawaida ni nguvu yake ya mwisho, ikiwa imekwama. Ikiachwa hapo hupata joto na kuungua. Kwa hiyo mimi huzidisha mara mbili: bega lipate 21.

Kiwiko chahitaji pungufu, vidole pungufu zaidi. Anayefunga mota kubwa kila kiungo analitwisha bega mzigo alioununua mwenyewe.

Fedha ya kijana ni ya kudunduliza. Kuzidisha na kujumlisha ni bure, tena tulifundishwa darasani.